Upande wa Chini wa Mfarishi

Wakati wa Jubilei watu hupenda kuhesabu. Huhesabu miaka iliyopita, nyumba zilizojengwa, na majina ya wakubwa yaliyochongwa katika mawe ya msingi. Kuhesabu huko ni kwema. Lakini iko kazi nyingine isiyochongwa katika jiwe lo lote, wala haikuandikwa katika daftari, nayo ndiyo iliyowavika watu mchana na kuwafunika usiku wa baridi. Habari za kazi hiyo nataka kuwasimulia, ndugu wasomaji, nanyi walimu mwaweza kuwasomea watoto shuleni.

Mwaka wa 1851, mwezi wa Agosti, watu wa wilaya ya Litchfield, katika jimbo la Connecticut huko Marekani, walifanya sikukuu ya kutimiza miaka 100 ya wilaya yao. Mchungaji mmoja, jina lake Horace Bushnell, alisimama kutoa hotuba. Aliichagulia jina ambalo kwa Kiswahili twaweza kusema: Zama za Nguo Iliyosokotwa Nyumbani. Maana ya maneno yake ilikuwa hii: wenye majina makubwa ni wachache, bali nchi hujengwa na wengi wasiotajwa, na miongoni mwao ni akina mama walioketi penye magurudumu ya kusokotea nyuzi. Siku ya kuwakumbuka waliotangulia, mchungaji yule aliwakumbusha watu wake nguo.

Nasi tuitazame nguo hiyo, hasa jinsi ilivyotumika katika mifarishi, tuone ina mafundisho gani.

NYUZI NA MIKONO

Nguo iliyosokotwa nyumbani, ambayo hapa nitaiita nguo ya nyumbani, ni nguo ambayo nyuzi zake zilisokotwa kwa mkono, kisha zikafumwa na watu wa nyumba ile ile au na jirani zao, pasipo kiwanda. Huko Marekani upande wa kaskazini ilikuwa ya kitani, au ya sufu, au ya vitu hivyo viwili pamoja, yaani mtande wa kitani na mshindio wa sufu. Upande wa kusini pamba ilitumika zaidi.

Msomaji asidhani kwamba kazi hii ilikuwa ndogo. Mmea wa kitani uling'olewa pamoja na mizizi yake, ukakaushwa, ukatolewa mbegu, kisha ukalowekwa majini au kutandazwa penye umande mpaka ukalainika kwa kuoza. Baadaye ulivunjwa kwa chombo cha mbao, ukapigwa ili maganda yaanguke, ukapitishwa katika kitana cha misumari mirefu ya chuma ili nyuzi ndefu zitengane na zile fupi. Ndipo kusokota kulipoanza. Manyoya ya kondoo nayo yalikatwa, yakaoshwa, yakachambuliwa, yakachanwa kwa vibao viwili vyenye meno. Pamba ilitolewa mbegu kwa vidole, na ile ya nyuzi fupi ilikuwa ngumu sana, hata mtu aliweza kutumia siku nzima kupata yapata ratli moja ya pamba safi. Rangi zilitoka katika mimea: nili kwa rangi ya buluu, maganda ya jozi kwa rangi ya kahawia, na mizizi ya namna fulani kwa rangi nyekundu.

Tena kitanda cha mfumi ni mlaji mkubwa. Mfumi mmoja akiketi kufuma, huzimaliza upesi nyuzi zilizosokotwa na watu kadhaa kwa siku nyingi. Kwa hiyo kila binti, kila mjane na kila bibi kizee alikuwa na sehemu yake katika kazi, na katika nyumba nyingi gurudumu halikupumzika ila Jumapili.

NGUO YA NYUMBANI KATIKA MFARISHI

Mfarishi ni nguo ya kujifunika yenye tabaka tatu. Juu ni uso wake, ambao waweza kuwa kitambaa kizima, au vipande vingi vilivyoungwa. Katikati ni sufu au pamba iliyochambuliwa, nayo ndiyo iletayo joto. Chini ni kitambaa cha kuzifunga zote. Tabaka hizo hutandazwa katika kiunzi cha miti minne, hupigwa bandi zisihame, kisha hushonwa pamoja kwa mishono midogo midogo ipitayo kutoka juu mpaka chini. Mishono ikiwa michache mno, pamba ya ndani hukusanyika pembeni, na mfarishi huharibika ukifuliwa.

Watu wengi husimulia kwamba Wazungu wa kwanza waliohamia Marekani walikata nguo zao za nyumbani vipande vipande na kushona mifarishi tangu siku za mwanzo. Habari hiyo inapendeza, lakini orodha za mali zilizoandikwa watu walipokufa zaonyesha vingine. Katika karne ya 17 na ya 18 mifarishi ilikuwa michache, tena ilionekana zaidi katika nyumba za wenye mali. Watu wa kawaida walijifunika mablanketi. Sababu yake si ngumu kufahamu. Nguo iliyogharimu miezi ya kazi haikukatwa ovyo. Shati lilivaliwa mpaka likachakaa, likapunguzwa likawa la mtoto, na mwisho zile sehemu zilizobaki na nguvu ndizo zilizokuwa viraka, au zikaingia katika mfarishi. Mifarishi ya vipande vingi ilienea sana viwanda vilipofanya kitambaa kuwa cha bei nafuu, hasa tangu miaka ya 1830 na 1840.

Basi nguo ya nyumbani ilikaa wapi katika mfarishi? Mara nyingi ilikaa chini. Iko mifarishi ya zamani ya New England ambayo uso wake ni kitambaa cha sufu kilichotiwa nili na kusuguliwa hata kikang'aa, bali upande wake wa chini ni nguo nene ya nyumbani, ya manjano au isiyotiwa rangi. Iko mingine ambayo uso wake ni pamba iliyopigwa chapa ya maua, na chini yake ni kitani cha nyumbani. Mgeni alionyeshwa uso. Lakini aliyelala aliguswa na upande wa chini.

Kwa hiyo watu wanaohifadhi vitu vya kale, wakiletewa mfarishi, huugeuza. Hutazama kama upande wa chini umeungwa kwa mapande mawili au matatu, kwa maana nguo ya mfumi wa nyumbani haikuweza kupita upana ambao mikono yake ilifika katika kurusha uzi huku na huku. Hutazama pia kama uzi ni mnene hapa na mwembamba pale, kama ulivyopita katika vidole vya mtu. Hii siyo alama ya hakika, kwa kuwa viwanda vya kwanza navyo vilitoa nyuzi zisizo sawa. Lakini ni mwanzo wa kuuliza.

MAGURUDUMU KATIKA NYUMBA YA MCHUNGAJI

Ulikuwako wakati nguo hii ya chini ilipopandishwa juu kwa heshima. Mwaka wa 1765 serikali ya Uingereza iliweka kodi ya stempu katika makoloni yake ya Marekani, na mwaka wa 1767 ikaweka ushuru juu ya chai, karatasi, vioo na vitu vingine. Watu wa makoloni walipatana wasinunue bidhaa za Uingereza, na nguo ilikuwa kubwa miongoni mwa bidhaa hizo. Hapo kuvaa nguo ya nyumbani kukawa ushuhuda. Mwezi wa Machi 1766, katika mji wa Providence, Rhode Island, wanawake walikusanyika nyumbani kwa tabibu Ephraim Bowen wakasokota siku nzima.

Kati ya miaka ya 1768 na 1770 mikutano ya namna hii ilifanyika katika miji mingi ya New England, na mara nyingi mahali pake palikuwa nyumba ya mchungaji. Wanawake walichukua magurudumu yao, wakasokota mpaka jioni, na nyuzi wakaziacha kwa mchungaji ziwe zawadi. Mwanahistoria Laurel Thatcher Ulrich, aliyetoa kitabu juu ya nguo ya nyumbani mwaka wa 2001, ameonyesha kwamba mikutano hiyo haikuwa ya siasa tu, bali ilikuwa pia kazi ya dini na ya ujirani. Magazeti ya siku zile yaliwasifu wanawake hao. Lakini sifa yao ilidumu kadiri magomvi yalivyodumu, kisha wakarudi kuwa watu wasiotajwa.

VIWANDA, PAMBA NA MERIKANI

Mwaka wa 1790 Samuel Slater alianzisha kiwanda cha kusokota pamba kwa nguvu ya maji huko Pawtucket, Rhode Island. Mwaka wa 1793 Eli Whitney alitengeneza mashine ya kutenga pamba na mbegu zake. Mwaka wa 1814 kiwanda cha Waltham, Massachusetts, kilianza kusokota na kufuma pamoja chini ya paa moja. Tangu hapo magurudumu ya nyumbani yakaanza kupandishwa darini, na binti za wakulima wakaenda kufanya kazi ya mshahara katika viwanda.

Wengine walisema kwamba mashine imewapunguzia wanadamu taabu. Ni kweli kwa wengine, siyo kwa wote. Kazi ile ngumu ya kutoa mbegu ilipokuwa nyepesi, pamba ilipata faida kubwa, na wenye mashamba ya kusini wakataka watumwa wengi zaidi wa kuilima na kuichuma. Hesabu ya watu ya mwaka 1790 ilikuta huko Marekani watumwa karibu 700,000. Hesabu ya mwaka 1860 ilikuta karibu milioni 4. Tena viwanda vya Rhode Island vilifuma nguo nene, za bei ndogo, kwa ajili ya kuwavisha watumwa wale wale walioichuma pamba.

Hapa ndipo habari hii inapofika pwani yetu. Mwaka wa 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said, na mwaka wa 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, alifika Unguja. Merikebu za Salem, Massachusetts, zilileta nguo ya pamba isiyopaukishwa, imara, ambayo wazee wetu waliiita merikani. Ilikatwa kwa mikono, shuka mikono minne, doti mikono minane, ikawa kama fedha ya njiani katika safari za bara, na wapagazi walilipwa kwayo. Pamba yake ilitoka katika mashamba ya watumwa wa kusini mwa Marekani.

Wala nchi yetu haikuwa tupu, ikingoja merikani. Katika magofu ya Kilwa vimepatikana vipande vya vyombo vya kusokotea nyuzi. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, aliandika kwamba nguo za Mogadishu zilipelekwa hata Misri. Na katika karne ya 19 wasafiri waliona watu wa Ufipa wakisokota na kufuma pamba yao wenyewe. Nguo za kiwanda, zilizoletwa kwa wingi, ziliidhoofisha kazi hiyo huku kwetu kama zilivyolinyamazisha gurudumu la New England. Mikono ya nchi mbili iliachishwa kazi na kitambaa kimoja.

KAZI YA USIKU

Katika mashamba ya kusini nguo ya nyumbani haikukoma mapema. Kati ya miaka ya 1936 na 1938 serikali ya Marekani iliwatuma waandishi wawaulize wazee waliokuwa watumwa zamani, na habari za watu zaidi ya 2,000 zikaandikwa. Wengi walikumbuka mama zao wakisokota usiku. Baada ya kulima au kuchuma pamba kutwa, mwanamke alipewa kiasi cha nyuzi cha kutimiza kabla hajalala. Watoto waliwasha vipande vya msonobari ili mama aone uzi. Nguo iliyofumwa iliwavika watu wa shambani, na mifarishi mizuri iliyoshonwa kwa ustadi iliingia katika nyumba ya bwana. Mifarishi yao wenyewe waliishona kwa masalio: nguo za kazi zilizochakaa, mapande ya magunia, na mabaki ya nguo ya nyumbani.

Hata hivyo wazee hao hawakusimulia machozi tu. Walisimulia pia usiku wa kushona mifarishi pamoja, wanawake wakizunguka kiunzi kimoja, chakula kikipikwa, na ngoma ikichezwa kazi ilipokwisha. Kazi ya kulazimishwa na kazi ya hiari zilifanywa kwa sindano moja, nao walijua sana tofauti yake.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipotokea, toka 1861 hata 1865, merikebu za kaskazini zilizifunga bandari za kusini. Nguo za kiwanda zikawa adimu, na magurudumu yakashushwa tena kutoka darini. Wanawake wa Kizungu wa kusini walijivunia kuvaa nguo ya nyumbani, na nyimbo zikatungwa juu yake. Lakini sehemu kubwa ya nyuzi hizo ilisokotwa na watumwa. Miaka hiyo hiyo, huku Unguja, merikani ilipungua kwa sababu pamba haikutoka, na nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikajaza nafasi yake. Hivi ndivyo mtu wa Tabora na mtu wa Georgia walivyoguswa na uzi mmoja bila kujuana.

MFARISHI WA HARRIET POWERS

Mmoja wa waliozaliwa katika utumwa ule alikuwa Harriet Powers, aliyezaliwa mwaka 1837 karibu na mji wa Athens, Georgia. Alipopata uhuru, zama za nguo ya nyumbani zilikuwa zinakwisha, naye alishona kwa pamba ya kiwanda. Bali ustadi ulikuwa ni ule ule ulioshuka kutoka kwa akina mama wa usiku. Alishona mfarishi wenye picha 11 za habari za Biblia. Wamo Adamu na Hawa, Kaini na Habili, ndoto ya Yakobo, ubatizo wa Bwana, karamu ya mwisho na kusulibiwa.

Mwaka 1886 aliuonyesha katika maonyesho ya pamba huko Athens. Mwalimu mmoja wa uchoraji, Jennie Smith, mwanamke wa Kizungu, akataka kuununua. Harriet Powers akakataa. Miaka kadhaa baadaye taabu ilipozidi nyumbani mwake, aliuchukua katika gari la kukokotwa na ng'ombe, umefunikwa kwa gunia safi la unga, akaomba dola 10. Alipewa 5. Kabla ya kuuacha alieleza maana ya kila picha, na yule mwalimu akayaandika maneno yake. Baadaye alirudi zaidi ya mara moja, ili tu autazame tena.

Alikufa mwaka 1910. Leo mfarishi huo umo katika makumbusho ya taifa huko Washington, na mfarishi wake mwingine, wenye picha 15, umo katika makumbusho ya Boston. Bei ile haikuwa ya haki, wala hatuwezi kuirekebisha sasa. Lakini tazameni jambo hili: maelfu ya wanawake walishona kama yeye, na mikono yao hatuijui. Yeye twamjua kwa sababu siku moja mtu aliuliza, akasikiliza, akaandika.

GEUZENI MFARISHI

Siku hizi washonaji wa Marekani na wa nchi nyingine wanapenda tena mifarishi ya nguo ya nyumbani. Nyingi katika nguo ziuzwazo kwa jina hilo zimefumwa kiwandani, kwa nyuzi zilizotiwa rangi kabla ya kufumwa, zenye mistari au miraba, na pande zake mbili zinafanana. Ni kitambaa chema kwa mfarishi, lakini chataka subira. Hufumwa kwa kulegea, hivyo hufumuka upesi ukingoni. Mshonaji mwenye akili hukifua kwanza kisinyae, kisha huacha nafasi ya kutosha penye mshono. Mistari yake nayo haikunyoka sawasawa siku zote, wala wazoefu hawajisumbui kuilazimisha, kwa kuwa kupinda huko ndiko kunakoupa mfarishi sura ya kale. Ni vizuri kwamba jina limebaki. Na anayelitumia akumbuke limetoka wapi.

Basi, walimu wenzangu, nawaletea kazi moja ya kufanya na watoto mwaka huu wa Jubilei. Kila mtoto atafute nyumbani nguo moja ya zamani, iwe kanga ya bibi, kanzu ya babu, au hata tambara. Amwulize mwenyewe maswali matatu: nani aliishona, ilitoka wapi, na ilivaliwa siku gani. Majibu yaandikwe katika daftari pamoja na jina la aliyejibu, na daftari litunzwe shuleni. Jambo hili halina gharama ila penseli na saa moja ya kusikiliza. Lakini haliwezi kungoja, kwa maana wenye kujibu wanapungua kila mwaka.

Mawe ya msingi yatabaki na majina yake, nasi tutayasoma kwa heshima. Kisha tuugeuze mfarishi, tutazame upande wa chini, tuulize ni mikono ya nani iliyousokota uzi huu.